Ndama anaharisha, ila ni kirusi gani hasa?

Jamani hili suala linaniuma kwakweli. Kila ng'ombe wakianza kuzaa huku kwetu kilio ni kile kile, ndama wa wiki moja kaanza kuhara, mtu anakimbilia duka la dawa, anachoma OTC (oksitetrasaikilini, dawa ya kuua bakteria), asipoona nafuu anachoma tena, mwisho ndama anafukiwa na hakuna anayejua alikuwa anaumwa nini. OTC ni ya bakteria, kirusi haikigusi hata kidogo.

Umri unakupa fununu. Siku tatu nne za kwanza mshuku E. koli, ambaye ni bakteria. Kuanzia kama siku ya tano mpaka wiki ya pili na ya tatu ndo kirusi kinachoitwa rota anatamba, na korona ya ng'ombe (sio ile iliyotufungia ndani 2020, hii ni nyingine) anaingia humo humo, na kripto pia (huyu ni kimelea, sio kirusi). Kwa macho huwatenganishi, uharo wa njano wa majimaji ni ule ule.

Kwahiyo sampuli, na iwe siku ya kwanza au ya pili ya kuhara, virusi bado wamejaa. Usizoe sakafuni palipochanganyika na mkojo. Vaa glavu, mpapase ndama pale pale kwenye njia ya haja kubwa atoe mwenyewe, kinga na kichupa safi, funika, weka kwenye barafu, peleka maabara siku hiyo hiyo.

Kipimo cha haraka kitakwambia rota yupo au hayupo, basi. Mimi napenda kinachofuata. Rota ana vipande 11 vya RNA (ndizo chembe zake za urithi), ukivipitisha kwenye jeli kwa umeme vinajipanga mistari, na wale wa kundi A wana mpangilio wao, minne juu, halafu miwili, halafu mitatu imebanana, na miwili chini, ukishauona hausahau. Baada ya hapo ni PCR (kipimo kinachonakili jeni mara nyingi mpaka zisomeke) na kusoma jeni za protini mbili za ganda la nje, VP7 inakupa namba ya G na VP4 namba ya P. Kwa ng'ombe tunakutana sana na G6, G8 na G10, upande wa pili P1, P5 na P11.

Sasa namba zinamsaidia nini mfugaji? Chanjo anapewa mama kabla hajazaa, kinga inapita kwenye dang'a (maziwa ya kwanza), na chanjo hizo zimetengenezwa kwa aina fulani, nyingi G6, zingine zina na G10. Umechanja, dang'a ndama kanyweshwa mapema na ya kutosha, bado wanahara? Hapo lazima ujue zizini kwako yupo nani.

Na watoto wetu wamo. G8 ni ya ng'ombe, lakini Blantyre kule Malawi miaka ya 1990 ilipatikana sana kwa watoto wanaoharisha, maana rota wawili wakikutana ndani ya seli moja wanabadilishana vipande. Hata chanjo ya watoto ya RotaTeq imejengwa juu ya kirusi kilichotolewa kwa ndama Pennsylvania, Marekani, 1981.

Wakati unasubiri majibu mpe maji yenye chumvi na sukari za kurudisha nguvu, maziwa usimkatie, mtenge na wenzake, na anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla hajabeba mtoto.