Siku moja kliniki ya viungo: nikiufuata ujumbe usiozimika

Saa 11 alfajiri najiandaa kwenda kazini, na najua wagonjwa wangu wengi wako macho. Hiyo ndiyo saa mbaya ya baridi yabisi. Kuelekea alfajiri intaliukini-6, protini ya kinga inayochochea uvimbe, hupanda kwenye damu, na vidole huamka vimekakamaa. Ndiyo maana kliniki sianzi kwa kuuliza "unaumwa wapi?" Nauliza, "vidole vinalegea saa ngapi?"

Saa 2 asubuhi benchi limejaa, wengi wanawake, maana ugonjwa huu huwapata mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume. Wa kwanza ni mama mtu mzima, fundi cherehani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo afadhali kidogo."

Nabonyeza vifundo vyake kimoja kimoja. Vilivyovimba vinabonyea kama unga uliokandwa. Ndani yake, utando wa kiungo umejaa seli za kinga zinazoushambulia mwili ambao zilipaswa kuulinda. Kati ya hizo, seli T huchochea makrofaji, seli zinazomeza vijidudu; makrofaji humwaga TNF na intaliukini-6, na protini hizo huita seli nyingine zije. Intaliukini-6 ikishika kipokezi chake, vimeng'enya vya JAK vilivyo upande wa ndani huamka na kuziamsha protini za STAT, nazo huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Kidonda cha kawaida kikipona, ujumbe huo huzimwa. Kwa mama huyu hauzimwi, na mfupa unaliwa taratibu.

Saa 4 majibu ya maabara yanafika. Binti mmoja damu yake iko chini, na amekunywa vidonge vya madini ya chuma muda mrefu bila nafuu. CRP, protini ya damu inayoonyesha uvimbe mwilini, iko juu sana. Hapa huwa natulia na kuchora kwenye karatasi, kwa sababu mgonjwa anastahili kuelewa: intaliukini-6 husafiri hadi kwenye ini, na kupitia STAT3 huliamuru litengeneze CRP pamoja na hepsidini, homoni inayofungia madini ya chuma kwenye ghala za mwili. Chuma kipo, ila hakitoki. Upungufu wake wa damu na maumivu ya vidole vina chanzo kimoja, kwa hiyo tunautibu uvimbe.

Saa 6 naandika methotreksati, dawa ya kutuliza kinga inayoushambulia mwili. Ni mara moja kwa wiki, na juu ya pakiti naandika siku yenyewe kwa herufi kubwa: JUMAPILI TU. Ikinywewa kila siku inaweza kuua. Namwomba kila mgonjwa airudie siku hiyo kwa sauti kabla hajatoka.

Saa 8 mchana tunakaa kumjadili kijana ambaye methotreksati haikumtosha. Kuna dawa za kuzuia TNF. London, mwaka 1992, watafiti Marc Feldmann na Ravinder Maini waliwapa wagonjwa wa kwanza, na ikaonekana kwamba ukizuia protini moja tu, mnyororo mzima unatulia. Ni ugunduzi mkubwa. Lakini TNF hiyohiyo ndiyo inayoshikilia ukuta ambao makrofaji hujenga kuzunguka bakteria wa kifua kikuu waliolala. Ukiiondoa, ukuta unabomoka. Kwetu, ambako kifua kikuu kiko mitaani, siwezi kuanza dawa hiyo bila picha ya kifua na kipimo cha ngozi. Mwenzangu anapendekeza tofasitinibu, kidonge cha kuzuia JAK kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Nacho hukata jumbe za protini nyingi kwa pamoja, kwa hiyo huweza kuleta mkanda wa jeshi, na kifua kikuu bado lazima kipimwe. Bei ya dawa zote mbili ni mzigo mzito kwa familia.

Saa 10 jioni kijana anarudi na majibu: kipimo cha ngozi kimeonyesha ana bakteria waliolala, ingawa picha ya kifua ni safi na hana kikohozi wala homa. Anauliza kwa nini asubiri wakati anaumia leo. Namweleza habari ya ukuta. Anaanza isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, kwanza, angalau mwezi 1 kabla ya dawa ya TNF, na kwa kipindi hicho nampa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, dozi ndogo ili aweze kushika kalamu.