Mafuta ya korosho hayapandi mgongoni

Mwaka 2016 nilikua mwalimu wa kujitolea shule moja ya msingi huko Newala, Mtwara, darasa la tatu, watoto zaidi ya 80 chumba kimoja. Kulikua na dogo mmoja, jina naliacha, anawahi shule kuliko mimi mwenye funguo. Nafika namkuta kibarazani na fagio lake, na mchana wenzie wakishatoka mbio yeye anabaki kufuta ubao ambao nimeshaufuta. Nikawa namsifia mbele ya darasa, eti muigeni huyu, bwege mimi.

Afu sweta haivui. Newala asubuhi kuna kabaridi sawa, ila saa saba mchana mwezi wa kumi jasho linamchuruzika na sweta iko palepale. Nikinyanyua mkono kuandika ubaoni anajikinga na kiwiko, nikadhani ni uoga wa fimbo tu. Siku moja mkono wa sweta ukapanda nikaona makovu, nikamuuliza, akasema "mafuta ya korosho mwalimu". Nikaridhika. Ulikua msimu bwana, kila mtoto vidole vyeusi, na ganda la korosho kweli linababua ngozi, nani angebisha.

Aliyebisha ni bibi muuza mihogo pale nje ya shule. Akaniita pembeni, "Mjukuu wangu mwalimu, yule mtoto anaokota mabibo, matunda ya mkorosho, waliyong'ata wenzie, wewe huoni?" Nikamwelezea habari ya mafuta. Akanitolea vidole vyake karibu na macho kabisa. "Mie nabangua korosho toka kigori. Yanakula hapa kwenye ncha. Hayapandi mgongoni." Kumbe mgongo alishauona, siku dogo alipoinama kunawa.

Sasa hapa ndo nilipoharibu. Badala ya kwenda kunakohusika nikaenda kwao kumuuliza mjomba wake kiungwana, maana mama yuko Dar anahangaika na kazi za ndani. Mjomba akanikaribisha vizuri, akaniwekea kiti, akasema mtoto mtundu huyu, anaanguka anguka. Nikaaga. Dogo hakuja shule siku mbili, alivyorudi hakuniangalia usoni, na mguu anauburuta. Alipigwa kwa kutoa siri za nyumbani, na siri hakutoa yeye, nilizipeleka mimi kwa miguu yangu.

Mkuu wa shule akaanza na yale ya "mambo ya familia hayo", nikamwambia mkuu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa aifikishe serikali ya mtaa au kijiji, na ile namba 116 ya simu ya kusaidia watoto ni bure, ukikataa napiga hapahapa. Basi ikaenda haraka, mtendaji wa kijiji, ustawi wa jamii, polisi tukachukua PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali, kisha hospitali. Daktari alihesabu alama kwa sauti, mi nikatoka nje.

Wakati tunasubiri shangazi yake aje kumchukua, afisa ustawi akamnunulia chapati mbili. Dogo akala moja polepole. Ya pili akaikunja mara nne akaitia ndani ya sweta. Afisa akamwambia "kula yote mwanangu, nyingine zipo". Akatuangalia mmoja mmoja, akaisukuma ndani zaidi.