Chupa ya Alsace kwenye baridi ya Njombe

Toka Iringa niliipakata chupa, nimeizungushia sweta. Ndefu, nyembamba, mvinyo mweupe wa zabibu aina ya Gewürztraminer kutoka Alsace, Ufaransa. Rafiki alinizawadia nikiwa Dar, nikakataa kuifungua kule. Zabibu hii ina uchachu mdogo. Mvinyo wake ukipata joto unalegea, unabaki utamu na pombe tu.

Tukapita Mafinga, paina za Sao Hill pande zote. Makambako basi likaiacha barabara ya Mbeya. Njombe ya Julai ukisema neno, mvuke unatangulia.

"Kamwene!" Mama mdogo akanipokea mizigo. Friji hana. Chupa nikaiweka nje ya dirisha la jikoni, hadi chakula kinaiva ikawa baridi ya kutosha.

Akainusa bilauri, akarudia. "Mwanangu, hii si ina waridi ndani?"

Waridi lipo kweli, na hakuna aliyelitia. Mimi nilipata shokishoki, zile za Muheza zilizoiva sawasawa, kisha harufu ya viungo kwa mbali. Gewürz ni viungo kwa Kijerumani. Traminer inatokana na Tramin, kijiji cha kaskazini mwa Italia. Ganda la zabibu yenyewe lina wekundu wa waridi, ila mvinyo hutoka wa dhahabu.

Mama mdogo alikuwa amekaanga nguruwe kwa mafuta yake mwenyewe, tangawizi na kitunguu saumu vya kutosha, kingo zimekauka zinalia mdomoni. Tonge la ugali, kipande cha nyama, funda moja. Tangawizi ikauamsha mvinyo, mvinyo ukayasafisha mafuta, na harufu ya waridi ikarudi puani baada ya kumeza. Nilinyamaza kidogo. Alsace nako huunywa na nguruwe, na sasa najua kwa nini.

Pilipili kichaa ndiyo iliyoharibu. Pombe ya mvinyo huu hufika hata asilimia 14, nayo huchochea ule moto. Ladha yote ikapotea. Tuliiondoa mezani. Jibini la Njombe nalo, tamu na laini, lilizidiwa. Alsace huupa Munster, jibini lenye harufu kali, linaloweza kujibu.

Tulipofikia bilauri ya mwisho, mama mdogo aliishikilia kwenye mwanga wa taa.

"Masika uje na nyingine. Nitakuwa na ulanzi mtogwa, ile pombe tamu ya mianzi iliyogemwa karibuni, tuviweke pamoja."

Nimeshaanza kuitafuta.