Nilivyolifanya darasa lililonyamaza liseme Kiingereza

Nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya serikali mkoani Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand, sehemu ambayo wenyewe huiita Isan. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Bungoma. Nalitaja hilo mapema kwa sababu matangazo mengi ya kazi hii humtaka mtu aliyezaliwa na Kiingereza, yaani mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na nchi nyingine chache. Sisi wengine hutakiwa kwanza tufanye mtihani wa Kiingereza kama TOEIC na kupata angalau alama 600 kati ya 990, na hata ukipata 900, mara nyingi mshahara utakuwa chini ya wa hao wenzetu. Linaniuma, na sitalificha. Ila nataka kueleza namna darasa la watoto arobaini na zaidi lilivyofunguka midomo, na kwa nini naamini ni kule kukulia Bungoma kulikonisaidia.

Ukiingia darasani huku, kiongozi wa darasa hupaza sauti, wote husimama na kukuamkia kwa kuimba. Ukiwauliza hali, hujibu kwa pamoja kwamba hawajambo, wanashukuru, na wewe je? Wakishakaa, Kiingereza kimekwisha. Mwulize mtoto mmoja jana alikula nini: atatazama dawati, jirani yake atacheka huku ameziba mdomo, na wengine wote watainamisha vichwa wasije wakaitwa wao.

Nimewasikia walimu wageni wakisema ni uvivu. Si kweli. Nimeyapitia madaftari ya watoto hawa. Sarufi imo, imeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza. Shida ni kwamba mtihani wao wa taifa, O-NET, ambao hufanywa mwishoni mwa Matthayom 3, yaani mwaka wa tatu wa sekondari, na tena Matthayom 6, kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu. Hakuna anayekaa kumsikiliza mtoto akitamka. Basi hufundishwa kukitambua Kiingereza kwa macho, na mdomo haupewi kazi.

Halafu kuna woga, na huo naujua vizuri. Shuleni kwetu aliyeponyokwa na neno la Kibukusu, lugha yetu ya nyumbani, alivishwa diski, yaani alama ya aibu, akatembea nayo mpaka amnase mwenzake, na jioni wote walioipitisha wakachapwa. Tulijua kunyamaza kabla hatujajua Kiingereza. Wanafunzi wangu hawavishwi diski, lakini ngazi wanazopanda ni zilezile: nyumbani Kiisan, ambacho kinakaribiana sana na Kilao; shuleni Kithai sanifu; na Kiingereza juu ya hivyo viwili. Mtoto anayetoka kwa bibi yake asubuhi ameshaanza kuuchunga ulimi kabla hajafika darasani. Mwongezee aibu ya kukosea mbele ya watu, aibu ambayo hapa ni nzito kweli, uone kama utamsikia.

Kwa hiyo niliweka sharti moja, tena la kunibana mimi mwenyewe: hakuna mtoto atakayesema peke yake jambo ambalo darasa zima halijalisema kwanza. Tulianza wote, tukaenda safu kwa safu, kisha wawili wawili. Kithai hakikupigwa marufuku. Aliyekwama aliruhusiwa kumwuliza jirani kwa lugha yoyote, kisha arudi na jibu.

Kazi kubwa ilikuwa miisho ya maneno. Katika Kithai, konsonanti zinazoweza kufunga silabi ni chache: p, t na k zinazobanwa bila kuachiliwa, pamoja na m, n na ng'. Ndiyo maana s ya mwisho hugeuka t, na l hugeuka n. Ukitaka "rice" utapewa "rait", na "bill" itasikika "bin". Mimi najua mdomo unavyokataa sauti usiyoizoea, kwa sababu sisi tuna yetu: tunatia irabu mwishoni ili neno lipate mahali pa kutulia. Mwalimu ambaye hajawahi kupambana na Kiingereza atarudia neno kwa sauti kubwa zaidi. Mimi niliwaambia waweke viganja mbele ya midomo, waivute ile s kama gurudumu linalotoa upepo mpaka waisikie hewa mkononi. Tulifanya hivyo mwanzoni mwa kila kipindi, dakika chache tu. Masikio yalianza kuitambua s kabla midomo haijaiweza, na hilo lilinipa moyo.

Wakati uliopita nao ulihitaji njia yake. Kitenzi cha Kithai hakibadiliki. Jana, leo na kesho ni kilekile, na maneno ya pembeni ndiyo yanayoonyesha wakati. Siku moja niliandika ubaoni kwa Kiswahili: ninakula, nilikula, nitakula. Nikawaonyesha ni wapi wakati umekaa ndani ya neno. Walishangaa, wakayasoma yote matatu kwa sauti safi kabisa, kisha wakataka mengine. Nadhani siku ile waliona kwamba hata mwalimu alikijia Kiingereza akitokea kwingine.

Lakini kilichofanya kazi kuliko vyote kilikuwa langoni. Kila asubuhi, kabla ya bendera kupandishwa saa mbili, walimu wa zamu husimama langoni na wanafunzi huwasalimu kwa kuunganisha viganja na kuinama. Nilimwendea mwalimu mwenzangu, mama aliyenizidi umri ambaye namwita Phi, yaani dada mkubwa.

"Phi, naomba zamu ya langoni. Nataka kila anayepita anijibu swali moja."

Akafikiri kidogo. "Sawa, mdogo wangu. Ila waulize wanachokijua, si kilichomo kitabuni."

Swali nililitangaza siku iliyotangulia: umekula nini asubuhi hii? Ni sentensi moja, kisha unapita. Asiyeweza alinong'onezwa na mwenzake, naye akairudia. Langoni hakuna hadhira. Aliye nyuma yako yuko mbioni kujiandalia jibu lake. Binti mmoja wa Matthayom 2, ambaye darasani sikuwahi kuisikia sauti yake, aliniambia amekula wali wa kunata na kuku wa kuchoma. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kuku alikuwa wa bibi yake.

Ushauri wa Phi niliuingiza darasani pia. Niliviweka pembeni vile vifungu vya vitabuni vinavyohusu treni za London, nikawaomba wanieleze mambo ambayo wao wanayajua na mimi siyajui. Waliotoka upande wa Chonnabot walieleza namna bibi zao wanavyozifunga nyuzi za hariri kabla ya kuzitia rangi ili kitambaa kipate nakshi. Wengine walinieleza habari za Phu Wiang, ambako mifupa ya dinosaria ilichimbuliwa, dinosaria mmoja akipewa jina la Phuwiangosaurus mwaka 1994. Nilikuwa nauliza kwa sababu nilitaka kujua, nao waliliona hilo. Sentensi zilikuwa na makosa mengi. Sikumkatiza mtu, niliyaandika pembeni, tukayashughulikia wote kesho yake bila kutaja jina la yeyote.

Muhula ujao unaanza Novemba. Nataka wanafunzi wa Matthayom 3 wasimame langoni wao ndio waulize, mimi nikae nyuma. Phi ameshakubali. Tayari wanabishana ni maswali gani yanafaa kwa wadogo wao, na wanabishana kwa Kithai na Kiisan, nami nimewaacha wabishane.