Nani Atashika Mikoba

Ijumaa usiku, Kisumu

Saa nne kasoro, na kitanda hakionekani kwa nguo. Kesho saa kumi na moja alfajiri gari linatuchukua hapa Migosi kwenda Nakuru, kwenye ile bustani ya michezo yenye bembea kubwa, magari ya kugongana na mitelezo ya maji ambayo watoto wamenililia tangu likizo ianze. Tuko wanane: sisi wanne, Mama mkwe wangu aliyefika jana kutoka Busia, wifi yangu, mumewe, na mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu. Gari limelipiwa, chapati zimepikwa, mayai yamechemshwa. Yamebaki mavazi tu, nayo yamenisumbua siku tatu nzima.

Anayeishi Kisumu husahau kwamba kuna baridi duniani. Hapa tuko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, ikweta iko hapo tu, na usiku huu feni inazunguka huku shingo yangu ikitiririka jasho. Nakuru iko mita 1,850 hivi. Katikati kuna Kericho, kisha Mau Summit, ambako barabara hupanda hadi zaidi ya mita 2,400 na vioo vya gari huingia ukungu asubuhi. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi sita. Halafu kuna mvua ya alasiri: upepo wenye unyevu unatoka ziwani, unapanda milima ya Kericho, unapoa, unamwaga yote. Wakulima wa chai wanaishukuru. Mimi naihesabia masweta. Mtoto mmoja, kwa siku moja, anataka sweta na kofia ya baridi ya njiani, fulana nyepesi ya jua la saa saba, vazi la kuingilia majini, na nguo kavu za kurudi nazo. Hayo nimeyamaliza, kila mtu ana mkoba wake. Baridi haimtazami mtu. Wanaotazama ni watu, na hao ndio walioninyima usingizi.

Kwetu, mama na mume wa binti yake hawazoeani hovyo. Hawashikani mikono, hawaketi bega kwa bega, wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Mjini mambo yamelegea kidogo. Shemeji atakaa mbele na dereva, Mama atakaa kiti cha nyuma kabisa, na safari itakwenda. Lakini bwawa la kuogelea ni jambo jingine. Mwanamume asimame kifua wazi mbele ya mama mzazi wa mkewe? Na mimi, mke wa mwanawe, nitoke majini nguo imeniganda mwilini naye ameketi pale ananiangalia? Nimemwuliza Baba Nekesa akanijibu, "Watu wanaenda kucheza, hawaendi kuposa." Kwake ni rahisi. Yeye ni mtoto wa kuzaliwa, mimi ni wa kuolewa.

Wifi yangu alitengeneza sare, fulana nane za rangi ya chungwa zenye jina la ukoo kifuani. Wazo lake nimelipenda, maana mtoto akipotea kwenye umati utamwona kutoka mbali. Mama alipoonyeshwa yake aliipima begani, akaikunja vizuri, akairudisha. "Hii ni ya kwendea shamba," akasema. Kisha akafungua mkoba wake na kutoa gomesi.

Niliiona mara ya mwisho siku ya harusi yetu. Ni ya zambarau, ya kitambaa kinachoteleza mkononi kama samaki. Mabega yamechongoka, shingo ni ya mraba, vifungo ni viwili tu upande wa kushoto, na mshipi wake mpana hufungwa chini ya kiuno, ncha zikining'inia mbele. Alipoikunjua sebuleni harufu ya nafthalini ilijaa nyumba nzima. Akanionyesha kwa mikono jinsi fundi wake wa Busia alivyopima kitambaa: mita sita. Vazi hili limevuka mpaka kutoka Uganda, na jina lake ni la fundi Mgoa aliyeitwa Gomes. Akina mama wa Busia wamelifanya lao, na hakuna anayelivaa kwenda mahali pasipo na maana.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kumwambia kwamba pale kila mahali pana maji, kwamba ile mizunguko ya watoto ina vyuma vinavyonasa kitambaa, na kwamba sote tumewahi kuona leso ikivutwa na gurudumu la bodaboda na mama akaanguka nayo. Yote hayo ni kweli. Lakini kabla sijafungua kinywa alisema, bila kuniangalia, akinyoosha kwa kiganja mkunjo mmoja uliokataa kunyooka, "Mwanangu amelipa gari. Atalipa na mlango. Nisipoivaa hiyo siku, nitaivaa lini tena?"

Nikaenda kuwasha pasi.

Aliyenivunja moyo hasa ni Nekesa. Ana miaka kumi na miwili, na mwaka huu mwili wake umeanza kubadilika. Jumatano nilimkuta amejipangia sweta nyeusi ya mikono mirefu na suruali pana ya shule, basi. Nikamwuliza, majini utaingia na nini? Akasema haingii. "Nitakaa na Kukhu. Nitashika mikoba." Kukhu ndivyo wanavyomwita nyanya yao.

Sikumjibu. Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya sinki bila kufungua maji.

Mimi ndiye niliyeshika mikoba miaka yote hii. Mwaka juzi tulikwenda kwenye hoteli moja hapa kando ya ziwa. Nilivaa gauni la kitenge lililonibana magoti na viatu vya kisigino vilivyozama kwenye nyasi kila hatua, kwa sababu nilijua tutapigwa picha. Niliketi kwa muda wa saa tatu kwenye kiti cha plastiki, simu nne mapajani, viatu vya kila mtu chini ya kiti. Wandera alikuwa na miaka mitano. Alikuwa akipanda kingo ya bwawa, anaita, "Mama, niangalie!" anaruka, anarudi tena kuita. Nilimwangalia mara zote. Ila sikuwa naye. Picha za siku ile ni nzuri, na katika zote mimi nimekauka. Nekesa alikuwepo. Sikumwambia kitu, lakini alijifunza.

Kwa hiyo leo nilipotoka kazini nilimchukua tukaenda Kibuye, kwenye mitumba. Beli ilikuwa imefunguliwa asubuhi na kamera, yaani zile nguo bora, zote zilikuwa zimekwenda, lakini mama mmoja alikuwa na rundo la nguo za maji juu ya gunia. Aliponiona nikivutavuta tu kama mtu asiyejua anunuacho, alinionyesha namna ya kuchagua. Unavuta kitambaa kwa mikono miwili karibu na sikio. Ukisikia mlio kama wa karatasi kavu, lastiki imekufa, na likilowa litalegea kama gunia. Kisha unakinyoosha kwenye mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, kikiingia maji kila mtu ataona zaidi ya vidole. Tulivuta na kusikiliza, mimi na Nekesa, vichwa vimegusana, tukakaa karibu nusu saa. Tulimpatia blauzi ya kuogelea ya mikono mirefu ya rangi ya bluu na taitsi mbili za nailoni, zote kwa shilingi 450. Alizijaribu juu ya nguo zake pale pale, akajigeuza, akauliza kama kofia ya kuogelea itaingia juu ya rasta zake. Aliyeuliza hivyo ameshaingia majini.

La kwangu ninalo tayari. Limetoka kwa rafiki yangu wa Kaloleni, Mwislamu, ambaye huingia bwawani amejistiri kuanzia kichwani hadi vifundoni na hupiga mbizi kuliko sisi sote. Yeye ndiye aliyenisimulia kuhusu Aheda Zanetti, mwanamke wa Australia mwenye asili ya Lebanoni, aliyelibuni vazi hilo, burkini, mwaka 2004 baada ya kumwona binti wa ndugu yake akihangaika kucheza netiboli na nguo nyingi zilizomlemea. Nimelifikiria sana jambo hilo wiki hii. Mama yule hakumwambia mtoto avue, wala hakumwambia akae chini. Alimtafutia kitambaa. Rafiki yangu amenipa lake la zamani: kanzu fupi inayofika magotini na suruali, vyote vya kitambaa kisichoganda mwilini. Mimi ni Mkristo na sitavaa kile cha kichwani, lakini nikijitazama kwenye kioo na hilo vazi, nafikiri naweza kupita mbele ya Mama nikiwa nimeinua kichwa.

Pamba nimeipiga marufuku kabisa. Fulana ya pamba ikilowa inakuwa nzito kama mtoto mgongoni, inakaa na baridi mwilini, na nyuzi zake huziba chujio la bwawa. Hata leso zitakaa nje, za kujifunikia tu.

Nguo zitakazolowa zitarudi ndooni. Mifuko ya plastiki iliondoka Agosti 2017 na mimi siijutii. Nimechukua ndoo ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko.

Nilale.

Jumapili usiku

Tumerudi jana saa tatu usiku, na leo ndiyo nimepata nguvu ya kuandika.

Hayo yote niliyoyapanga, Wandera aliyavunja kimya kimya. Alfajiri alivua kaptura ya nailoni akavaa ya jinzi, ile mpya yenye vifungo vya chuma, na ile nyingine akaiacha juu ya kitanda. Tuligundua tukiwa kwenye ngazi za mtelezo. Kijana wa bwawa alimzuia kwa mkono, akamwonyesha vile vyuma: vinakwaruza mtelezo, na mtoto anayefuata anachanika. Nakubaliana naye. Nisilokubali ni kwamba mlangoni, tulipolipa, hakuna aliyetuambia, na bango lenye masharti liko ndani, ukishatoa pesa. Kando yake palikuwa na kostyumu za kukodisha kwa shilingi 100, zimetundikwa msumarini zikichuruzika maji ya mtoto aliyetoka kuivaa. Nilikataa. Mwanangu havai kitu kibichi kilichotoka kwenye mwili wa mtoto nisiyemjua.

Wandera alilia kwa sauti. Nekesa akaenda kwenye mkoba wake, akatoa taitsi yake ya pili, akamkunjia mara tatu miguuni. Ilikuwa ya waridi. Alipanda akiwa amejiziba kwa mikono, akashuka, na alipopanda mara ya pili mikono ilikuwa juu hewani.

Mimi niliingia kwenye bwawa lisilo na kina. Maji yalinifika kiunoni, kisha nikachuchumaa yakanifika mabegani, Wandera akanirukia shingoni. Ni miaka kumi na mitatu tangu maji yanifike mabegani nje ya bafu langu. Shemeji, amevaa ile fulana ya chungwa na kaptura ndefu, alipita mbali akaenda bwawa la upande wa pili, na hakuna aliyehitaji kumwelekeza.

Nilipotoka, Mama alikuwa kwenye benchi, gomesi imeenea pande zote mbili. Nilisimama mbele yake nikichuruzika. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole.

"Maji ni baridi?" akauliza.

"Kidogo, Mama."

"Basi usikae sana."

Ni hayo tu. Siku tatu za kukosa usingizi.

Baadaye watoto walimvuta kwenye gari moshi dogo. Anayeliendesha alisita alipoona kile kitambaa chote. Mama alikaza mshipi, akakusanya pindo kwa mikono miwili, akalibana katikati ya magoti kama mtu anayevuka mto, akaketi. Walizunguka mara mbili. Mkoba wake aliuacha kwenye benchi, na shemeji ndiye aliyekuwa karibu. Aliutazama, akautazama umati, akakaa umbali wa hatua tatu akiulinda kwa macho. Alipoteremka Mama, shemeji alimwita Wandera. Wandera akaubeba mkoba hadi kwa Kukhu wake.

Njiani Kericho ilitumwagia mvua kama ilivyotarajiwa. Masweta yalitosha.

Sijui ni saa ngapi Mama alitumbukiza miguu majini. Nekesa anasema alikuwa naye, kwamba Kukhu alivua viatu, akainua gomesi hadi vifundoni, akakaa kingoni mwa bwawa la watoto wadogo kwa muda mrefu. Asubuhi ya leo nimeifua kwa maji baridi kwa sababu pindo lilikuwa limelowa na kushika vumbi. Imeenea kwenye kamba yote ya hapa nje, kuanzia mwembeni hadi ukutani. Nguo za watoto nimezianika kwenye viti.