Zamu ya Julai: jinsi familia yangu ilivyokabiliana na kupanda kwa bei za vyakula

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ninajua kiasi cha fedha tunachotumia kwa chakula nyumbani kwetu Mbagala Kizuiani. Mume wangu aliponiuliza mwezi Mei 2022, nilimjibu bila kusita kwamba ni kama Sh350,000 kwa mwezi, kwa sababu ndicho kiasi tulichokubaliana mwaka uliotangulia. Hata hivyo, fedha hizo zilikuwa zinakwisha kabla ya tarehe 20, na siku kumi zilizobaki tulizimaliza kwa kukopa dukani kwa Mangi, deni ambalo tulilipa mwanzoni mwa mwezi uliofuata na hivyo kuuanza mwezi huo tukiwa tayari tumepungukiwa. Ndipo nilipoamua kununua daftari na kuandika kila shilingi iliyotoka kwa ajili ya chakula, hata ile ya kiberiti na fungu la bamia, kwa siku 30 mfululizo. Jumla ilikuwa Sh487,600.

Nyumbani tuko sita: mimi, ambaye ni karani katika ghala la bidhaa, mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na kipato chake huja kwa siku, watoto wetu watatu, na mama mkwe wangu. Mwezi ule kila kitu kilikuwa kinapanda kwa pamoja. Bei kikomo ya petroli iliyotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa Dar es Salaam ilikuwa imevuka Sh3,000 kwa lita, na nauli ya daladala nayo ilikuwa imeongezeka. Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyotuumiza zaidi. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeziba njia ya mafuta ya alizeti ya nchi ile, Indonesia ilikuwa imezuia kwa muda kuuza nje mafuta ya mawese kuanzia mwishoni mwa Aprili, na alizeti yetu ya Singida na Dodoma haitoshelezi mahitaji ya nchi. Mambo hayo sikuwa na uwezo wa kuyabadili. Lakini nilipolisoma daftari kwa utulivu, niligundua kwamba sehemu kubwa ya maumivu yetu ilitokana na namna tulivyonunua.

Nitoe mfano wa mafuta hayo hayo. Kila jioni mtoto alitumwa dukani kununua robo lita kwa Sh2,300, na kwa mwezi mzima tulilipa Sh69,000 kwa lita saba na nusu. Wakati huo huo, dumu la lita 20 kwa wauzaji wa jumla lilikuwa Sh140,000, yaani Sh7,000 kwa lita. Sikuwa na Sh140,000, lakini majirani watatu nao hawakuwa nazo, kwa hiyo tulichanga Sh35,000 kila mmoja, tukanunua dumu moja na kugawana lita tano tano. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba lita tano zilitutosha kwa mwezi mzima. Mafuta yanayoletwa kwa kikombe humiminwa yote sufuriani kwa kuwa ni ya siku hiyo, ilhali yaliyomo ndani ya dumu hupimwa kwa kijiko na kila mpishi huona yanavyopungua.

Sukari, majani ya chai, sabuni na chumvi nilivibadilisha kwa njia hiyo hiyo, na sina haja ya kueleza kimoja kimoja. Unga ulikuwa jambo gumu zaidi.

Sisi ni watu wa ugali. Tulikuwa tunanunua sembe kilo moja na nusu kila siku, kwa Sh1,500 kwa kilo. Mtu yeyote aliyekulia shambani anafahamu kwamba mahindi hushuka bei yanapovunwa, na kwa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, ambayo hulisha sehemu kubwa ya jiji hili, mavuno huja kati ya Mei na Agosti. Bei hupanda taratibu hadi kufikia kilele kuanzia Desemba hadi Machi. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mchele pia, na kwa kiasi fulani kwa maharage. Nilikuwa nalifahamu jambo hili tangu utotoni, lakini halikunisaidia chochote, kwa sababu kila Julai ilipofika sikuwa na fedha ya kununua gunia hata moja, na ilipofika Januari nililazimika kununua kwa bei yoyote iliyokuwepo. Kwa mtu anayeishi kwa hela ya kula inayoachwa mezani kila asubuhi, kujua msimu wa bei nafuu bila kuwa na fedha msimuni ni uchungu mtupu.

Fedha yenyewe niliipata kwenye mchezo wa kuchangiana fedha. Tulikuwa wanawake kumi, kila mmoja akitoa Sh50,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wetu akipokea Sh500,000. Kwa kawaida tulipokezana kwa kupiga kura, na aliyepokea alinunua kabati au alilipa ada. Nilimwendea kijumbe wetu, yaani msimamizi wa mchezo, nikamweleza hesabu zangu zote nikiwa na daftari mkononi, nikamwomba zamu yangu iwe Julai. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu, “Dada, watu huniomba Desemba kwa ajili ya sikukuu au Januari kwa ajili ya shule. Julai ni yako.”

Siku niliyopokea, mimi na mume wangu tulikwenda soko la nafaka la Tandale alfajiri. Tulinunua magunia matatu ya mahindi ya kilo 100 kwa Sh82,000 kila moja, mchele kilo 50 kwa Sh2,000 kwa kilo, na maharage kilo 30 kwa Sh2,300 kwa kilo. Pamoja na kirikuu cha kubebea, ambacho tulikilipa Sh15,000, jumla ilikuwa Sh430,000. Nilikataa kununua kwa sado, yaani kopo la kupimia, na ninamshauri kila mnunuzi afanye hivyo. Sado si kilo, na nyingine kitako chake kimesukumwa ndani ili zijae upesi. Nina mizani ndogo ya kuning’iniza niliyoinunua Kariakoo, na ninaibeba kila ninapokwenda sokoni bila aibu yoyote.

Gunia la kwanza tulilikoboa, tukarudi nyumbani na kilo 72 tu za sembe. Zaidi ya robo ya mahindi niliyoyalipia ilikuwa imegeuka pumba. Kwa hiyo niliamua kwamba magunia yaliyobaki tutayasaga dona. Mama mkwe wangu alipoona ugali wa kwanza wa dona mezani aliutazama kwa muda, akaniuliza, “Mama, ni unga wa yanga umerudi?” Alikuwa anakumbuka mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka Marekani wakati wa njaa ya miaka ya 1970, ambayo kwake yalibaki kuwa alama ya dhiki. Nilimwambia, “Hapana, mama, haya ni mahindi yetu wenyewe, hayakukobolewa tu.” Alikula kidogo siku ile. Baadaye alitusimulia jinsi alivyopanga foleni usiku miaka ya 1980 akisubiri sukari na sabuni, wakati ambapo mtu aliweza kuwa na fedha mkononi na asipate cha kununua, na wanangu walimsikiliza hadi chakula kikapoa. Baada ya wiki mbili alikuwa yeye ndiye anayeniambia kwamba dona hukaa tumboni. Kwa kuwa kiini cha mahindi kina mafuta, dona huharibika upesi kuliko sembe, na kwa sababu hiyo tunasaga kilo 20 tu kwa wakati mmoja.

Hasara nayo ilikuja. Mwezi Oktoba nilifungua gunia la tatu, nikakuta dumuzi wamelitoboatoboa hadi unga unamwagika sakafuni. Joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam haviwahurumii watu wanaoweka nafaka katika mifuko ya kawaida chini ya kitanda, na nililia siku ile, kwa kuwa fedha iliyokuwa inaliwa na wadudu ilikuwa ya wenzangu tisa, ambao nilikuwa bado sijamaliza kuwarudishia michango. Gunia hilo nilimuuzia mfugaji wa kuku kwa Sh30,000. Tangu mwaka 2023 ninatumia mifuko isiyopitisha hewa, ambayo ina tabaka mbili za plastiki ndani. Wadudu hukosa hewa na kufa. Kabla ya kuijaza huanika mahindi juani kwa siku mbili, na punje zenye ukungu ninazitupa zote. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na hakuna bei yoyote sokoni inayoweza kunifanya niwapikie wanangu punje kama hizo.

Pamoja na hasara hiyo, Januari 2023 ilinionyesha kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi. Sembe kwa Mangi ilifika Sh1,900 kwa kilo na mchele ulivuka Sh3,000, lakini sisi tulikuwa tumebakiwa na mchele kilo 12 na maharage ya kutosha hadi Machi. Tulirudi kununua unga dukani, ila kwa kuwa mafuta, mchele na maharage havikuwa vinatudai chochote, tulilipia unga huo bila kukopa. Mwezi ule chakula kilitugharimu Sh341,000.

Kuna mahali ambapo nilikosea kwa kubana kupita kiasi. Kwa muda wa wiki tatu niliondoa kitafunwa cha asubuhi ili kuokoa fedha ya maandazi, na binti yangu wa pili akaanza kusinzia darasani. Mwalimu wake ndiye aliyeniita. Nilirudisha kifungua kinywa siku iliyofuata, kwa mihogo na viazi vitamu vya kuchemsha, ambavyo hushibisha kuliko maandazi na havihitaji mafuta. Mboga za majani nazo zilinisaidia: nilipanda matembele katika viroba vya zamani kando ya ukuta, na mume wangu akatengeneza fremu ya chuma ya kuvishikilia.

Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika baada ya mvua za El Niño kukwamisha uvunaji wa miwa, dukani kwetu kilo moja iliuzwa Sh4,500 ingawa serikali ilikuwa imetangaza bei elekezi. Hapo hapakuwa na ghala la kunikinga, kwa sababu sukari sikuwa nimeiweka ya miezi mingi. Tulikunywa chai ya tangawizi yenye sukari kijiko kimoja, na uji tukautia karanga zilizosagwa.

Katika kikao cha mchezo cha mwaka huo, wanawake saba kati ya kumi waliomba zamu ya Julai. Kijumbe alisema haiwezekani, na baada ya mabishano marefu tulikubaliana kuanzisha mfuko wa pili, ambao kila mmoja anautolea Sh30,000 kwa mwezi kuanzia Januari hadi Juni, na fedha yote inanunua nafaka kwa siku moja. Mahindi yalishushwa uani kwetu siku ya Jumamosi, yakapimwa kwa mizani mbele ya wote, na mama mkwe wangu aliketi kwenye kiti karibu na mlango, daftari langu mapajani mwake, akiita majina.