Mwalimu wa Muheza alipodai msimbo wa ruta niliyomuuzia

Kazi yangu ni kufunga intaneti kwenye magesti na mashule, hapa Tanga mjini na kandokando, hadi Pangani na Muheza. Karakana yangu ni chumba kimoja Ngamiani. Nanunua ruta zilizotumika, nabandua chipu ya kumbukumbu ya megabaiti 8, nabandika ya 16, kisha naondoa programu ya kiwandani na kuweka OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta. Juu yake naweka programu yangu ya vocha, ile inayomtaka mgeni aingize namba kabla ya kupata mtandao.

Kwa miaka kadhaa niliuza hivyo, na mteja alikuwa akiondoka na ruta, adapta yake na risiti, basi.

Siku moja akanipigia mwalimu wa kompyuta wa sekondari moja ya Muheza. "Fundi, habari za kazi? Ile ruta yenu naona ndani ina Linux na BusyBox. Vijana wangu wanataka kuona vitu hivi vinaundwaje. Naomba msimbo chanzo wake." Linux ndiyo mfumo endeshi wenyewe, na BusyBox ni mkusanyiko wa amri zake ndogo ndogo. Msimbo chanzo ni maandishi ya programu kabla hayajakompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine.

"Mwalimu, huo uko kwenye tovuti ya OpenWrt. Pakua tu, ni bure."

Nikajua yameisha. Baada ya siku mbili akapiga tena, sauti ya upole ile ile: "Nimeupakua, nikaukompaili, nikauweka kwenye ruta ya pili uliyotuuzia. Inawaka, lakini inaona megabaiti 8 tu. Ya kwako inaona 16. Kwa hiyo huu si msimbo wako, fundi."

Alisema kweli. Ili ruta iitambue chipu kubwa, nilikuwa nimebadilisha faili linaloieleza kerneli, yaani kiini cha Linux, mpangilio wa kumbukumbu, na ndani ya BusyBox pia nilikuwa nimegusa mahali pawili. Mabadiliko hayo hayakuwepo popote duniani ila kwangu.

Usiku ule nikaisoma leseni yenyewe, yaani masharti ya kutumia na kugawa programu hizo: GPL toleo la 2 la mwaka 1991, ambayo ndiyo ya kerneli ya Linux na ya BusyBox. Nilikuwa nimeiona mara nyingi na kuipita. Kifungu cha 3 kinasema anayegawa programu iliyokwisha kukompailiwa aiambatanishe na msimbo wake kamili, au atoe ahadi ya maandishi, yenye kudumu si chini ya miaka 3, kwamba atampa msimbo huo mtu yeyote kwa malipo yasiyozidi gharama ya kuunakili na kuufikisha. Mtu yeyote, hata ambaye hakununua kitu kwangu. Ipo njia ya tatu, ya kupokeza ahadi uliyopewa na mwingine, lakini hiyo ni ya asiyefanya biashara. Mimi nauza. Halafu kifungu cha 4: ukigawa kinyume cha masharti, ruhusa yako inakatika yenyewe. Hapo ndipo usingizi uliponipotea. Ruta zote zile nilizofunga, kuanzia ya kwanza, nilikuwa nauza kazi ya watu bila idhini yao.

Na watu hao wamenilisha. Mwaka 2003 iligundulika kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa na Linux ndani, watu wakadai msimbo, ukatolewa, na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza juu ya msimbo huo. Asingekuwepo aliyedai kama alivyonidai mwalimu, mimi nisingekuwa na kazi hii.

Rafiki yangu fundi wa Chumbageni alinishauri ninyamaze: "Ukitoa, kesho utaikuta vocha yako kwa kila mtu." Nilimwelewa, maana ndiyo hofu niliyokuwa nayo. Lakini programu ya vocha nimeiandika mwenyewe kuanzia mwanzo, inajiendesha peke yake, na leseni inatamka kwamba kukaa pamoja kwenye chombo kimoja tu hakuiingizi kazi nyingine chini ya masharti yake. Vocha ni yangu. Mabadiliko ya kerneli na ya BusyBox si ya kuficha.

Kumbe kukubali kutoa ndiyo kazi rahisi. Laptop niliyokompailia ilikuwa imekufa diski. Ikabidi niiulize ruta yenyewe: nikaingia ndani, nikafungua faili la /etc/openwrt_release, nikapata toleo la OpenWrt. Viraka vyangu, yaani mafaili yanayobeba yale mabadiliko niliyofanya, nikavikuta kwenye barua pepe niliyowahi kujitumia. Faili la .config, linalobeba machaguo yote ya kukompaili, lilipotea kabisa. Nikaliunda upya kwa kupitia orodha ya vifurushi vya programu vilivyomo, kimoja kimoja. Leseni inataka hata skripti za kukompaili na kusakinisha, kwa hiyo kumpa mtu viraka vitupu kusingetosha. Siku nne zilipita. Sikuridhika mpaka nilipoweka kila kitu kwenye laptop ya kuazima, nikazima intaneti, nikakompaili, na ruta ikawaka ikiona megabaiti 16.

Nikapanda basi hadi Muheza, flashi mfukoni. Mwalimu alinilipa bei ya flashi na nauli.

Wateja wa zamani niliwapelekea barua yenye ile ahadi ya miaka 3. Kwa ruta mpya sitaki tena kubeba ahadi. Kila moja inatoka na flashi yake: msimbo wote pamoja na folda ya dl (yenye mafaili ambayo vinginevyo yangepakuliwa mtandaoni wakati wa kukompaili), viraka, .config, feeds.conf (orodha ya vifurushi vinakotoka), nakala ya leseni, na maelezo ya Kiswahili ya hatua za kukompaili. Naijaza siku ile ile ninayokompaili, kabla ruta haijatoka mezani. Bei ya flashi nimeiingiza kwenye bei ya ruta, na mteja akishaipokea simdai wala hanidai.

Mwezi uliofuata nilipokea ujumbe kutoka Muheza wenye kiraka kifupi. Kijana mmoja wa mwalimu ameona kwamba kwenye mpangilio wangu niliacha kilobaiti 64 bila matumizi. Nimehakiki, ni kweli. Kiraka chake kimo kwenye flashi ninazotoa sasa, jina lake likiwa juu yake.